Baravuga na Sahani za Maua

Maalimu alikuwa na jina lake, tena zuri, lakini sikumbuki mtu wa mtaa wa Waswahili wa Gitega akilitumia. Hata marehemu mkewe alimwita Maalimu. Alifundisha watoto Korani katika chumba kimoja nyuma ya msikiti, asubuhi na alasiri, na mtu akishafundisha watoto wa mtaa mzima, kazi yake inageuka kuwa jina lake. Nami nitamwita hivyo hivyo.

Mimi nilikuwa jirani yake, fundi wa cherehani. Niseme mapema kwamba sipendi baridi, sipendi milima, na mbwa sina ugomvi nao mradi wakae kwao. Mtu wa namna hiyo alikwendaje, kiangazi baada ya kiangazi, kutoka Gitega mpaka Muyinga kwa baiskeli, akilala kwenye hema, nyuma ya mtu aliyebeba mbwa kikapuni? Jibu ni Maalimu. Alikuwa na namna ya kukuomba jambo ambayo ukimkatalia unajiona umemnyima mtoto maziwa.

Ungetaka kumjua, ungemtazama akifunga mzigo. Baiskeli yake ilikuwa nyeusi na nzito, ya zile zilizobaki nchini Wabelgiji walipoondoka, na kila ilipofika likizo ya watoto aliiegemeza kwenye ukuta wa kibanda changu ili awe karibu na kamba zangu. Nyuma aliweka hema, juu ya hema mkeka wa kuswalia, juu ya mkeka sufuria na birika vikiwa vimefungwa visigongane. Upande wa kulia dumu la maji. Upande wa kushoto kopo la udongo mkavu, uliochekechwa kwa chekecheo la unga.

“Udongo wa nini, Maalimu?” nilimuuliza safari ya kwanza. “Njia nzima mpaka Muyinga ni udongo.”

“Huo wa njiani simjui aliyeupitia,” akanijibu.

Kwetu sisi, mbwa akilamba chombo, chombo hicho huoshwa mara saba, na mara moja kati ya hizo kwa udongo. Watu wengi hukwepa taabu hiyo kwa kutofuga mbwa. Maalimu aliikwepa kwa kubeba udongo. Lakini mbwa mkavu akimgusa mtu mkavu hakuna tatizo, na kwa hiyo adui yake mkubwa duniani hakuwa shetani bali mvua. “Kavu kwa kavu hakuna neno,” alikuwa akisema, na alilisema neno hilo hata mahali ambapo halikuhusu mbwa, kama vile watu wawili wanapogombana na yeye akawaomba wasimwagiane maji.

Mwisho wa kufunga mzigo, baada ya kuvuta kila kamba na kunung'unika kidogo, aliita: “Baravuga!” Hapo mbwa alitoka chini ya meza yangu, akarukia kwenye kiti, kutoka kwenye kiti mpaka kikapu kilichofungwa mbele ya usukani, akazunguka humo ndani mara mbili tatu na kukaa. Alikuwa mdogo, wa rangi ya chai ya maziwa, sikio moja limesimama na jingine limechoka. Maalimu alisema ni mbwa wa kulinda, maana mbwa wa kulinda ana ruhusa. Siku moja karibu na Karuzi mbuzi alimtafuna Maalimu kofia yake mpya, Baravuga akiwa amelala pembeni, na alipoamka alimtikisia mbuzi mkia. “Analinda,” akasema Maalimu. “Kofia haikuwa katika makubaliano.”

Jina hilo hakulitoa yeye. Warundi wa milimani humpa mbwa jina lenye ujumbe kwa majirani, ili kila anapomwita mbwa wake jirani asikie anachoambiwa. Baravuga maana yake “wanasema”. Mzee mmoja wa Buhinyuza, mkulima, ndiye aliyempa Maalimu mtoto wa mbwa pamoja na jina lake. Mwaka ule Maalimu alikuwa amefiwa na mkewe, nyumba ikawa inamkaba, akachukua baiskeli akaenda tu, bila kujua aendako, mpaka karibu na mpaka wa Tanzania. Mzee yule alimpa maharage, akamwacha alie bila kumuuliza, na asubuhi akamwekea kile kitoto mkononi. “Umutunze,” akamwambia. Maalimu akajibu, “Nimepokea amana,” na mtu wa dini akishatamka neno amana, hana tena njia ya kurudi nyuma.

Basi fikiria mtaa wetu. Mwalimu wa Korani anapita asubuhi na mapema, kanzu nyeupe imepigwa pasi, anaita kwa sauti “Wanasema! Wanasema!” Na kweli walisema. Wazee wa msikiti walimwita, wakamkalisha, wakamuuliza kwa upole kama ana akili timamu. Akawatolea masharti yote ya usafi, moja baada ya jingine, kwa Kiswahili chake cha kitabuni alichotoka nacho Ujiji, mpaka mzee mmoja akasinzia. Mwishowe walimwambia mbwa asikaribie msikiti wala chuo cha Korani. Akakubali. Ndiyo maana Baravuga akawa anashinda kwangu, chini ya meza yangu, bila mtu kuniuliza mimi.

Hakuwa mtu wa kukaa ndani ya mstari mmoja. Aliwafundisha watoto subira, lakini hakustahimili baiskeli nyingine impite mlimani. Angesimama juu ya pedeli, kanzu ikipepea, kikapu kikiyumba, mpaka ampite yule mtu, halafu ashuke kando ya njia apumue kwa muda mrefu na kunisingizia mimi kwamba ndiye niliyetaka kupumzika. Hakuwaogopa askari lakini aliwaogopa vyura. Kwenye kizuizi kimoja cha barabarani askari alitazama vitambulisho vyetu, kisha akaelekeza kidole kikapuni.

“Na huyu? Iko na karangamuntu?”

“Huyu ni mwanafunzi wangu.”

“Anasoma nini?”

“Kunyamaza. Bado hajafaulu.”

Baravuga akabweka, askari akacheka mpaka akaishika bunduki yake vibaya, akasema, “Allez, mupite, mupite!” Tulipofika bondeni kwenye mto Ruvubu, karibu na daraja, Maalimu alisikia chura mmoja tu na akakataa kupiga hema kabla hatujapanda kilima chote cha upande wa pili. Mimi magoti yangu mpaka leo yanamkumbuka chura yule.

Hema nililishona mimi, kwa turubai la lori lililochanika, na tuligombana juu yake muda mrefu kuliko nilivyolishona. Maalimu alitaka mlango wake uwe mfupi na mbele yake kuwe na ukingo wa kitambaa, ili mbwa alale pale kizingitini, nusu ndani nusu nje, asiguse mikeka. Kila Ijumaa alisoma ile sura yenye kisa cha vijana waliolala pangoni na mbwa wao mlangoni, na akifika pale kwenye mbwa sauti yake ilipanda kidogo. Nilimshonea ukingo. Mlango nao ulikuwa mfupi hata tukawa tunaingia kwa magoti, naye alisema ni vizuri, mtu aingie mahali pa kulala akiwa mnyenyekevu.

Mvua ilitukamata mara moja tu, siku ambayo haikuwa na haki ya kunyesha. Baravuga aliogopa radi akaruka kutoka kikapuni, akamkumbatia Maalimu kifuani, akapanda begani, akashuka mgongoni. Nguo zote za Maalimu zikawa zimechafuka kwa hukumu yake mwenyewe, na kanzu ya akiba ndiyo aliyokuwa ametandikiwa mbwa kikapuni. Wakati wa swala unapita. Mimi nilikuwa nimebeba kitenge kipya cha dada yangu wa Muyinga, cha manjano, chenye tausi wakubwa. Maalimu alijifunga kitenge kile kuanzia kifuani mpaka miguuni, akasimama mbele yangu, akaniswalisha. Kila aliposujudu, tausi mmoja alinitazama usoni. Sijui kama swala yangu siku ile ilipokelewa, lakini yake naamini ilipokelewa.

Nyinyi mnaosoma mnaweza kudhani taabu kubwa ya kulala nje ni wanyama au wezi. Hapana. Taabu ilikuwa wema wa watu. Kwetu mgeni halali nje. Ukimwacha mgeni alale nje, ni kama umepanda juu ya paa ukatangaza kwamba huna nyumba, huna mke, huna chakula. Kila tulipopiga hema, hata kama ni kwenye kilima kitupu chenye mikaratusi, baada ya muda mfupi alitokea mtu.

“Mugeni hawezi lala inje na mi niko na nyumba,” aliwahi kutuambia mkulima mmoja wa Karuzi, karibu kulia. “Bantu watasema nini juu yangu?”

“Nina mbwa, ndugu yangu.”

“Kwani mi nimekatala imbwa?”

“Wewe hukukataa. Mimi ndiye nisiyetaka kukuletea taabu.”

Yule bwana alikwenda, akarudi na mkewe, na kaka yake, na mtungi wa togwa ya ndizi, wakakaa nasi nje wote mpaka usiku mwingi ili wasiwe wamemwacha mgeni peke yake. Maalimu aliwasimulia hadithi, mbwa akapita akinusa vidole vya kila mtu. Nilikuwa na baridi na nilifurahi. Hayo mawili yalikuja pamoja sana katika safari zile.

Sasa nimfikie mpishi. Alikuwa mjane wa Muyinga, mtaa mmoja na dada yangu, na alipika karamu: ndoa, maulidi, arubaini, yeye. Alikuwa mtu wa usafi wa kutisha. Inasemekana aliwahi kumwaga sufuria nzima ya pilau kwa sababu aliona kivuli cha nzi. Alikuja Gitega kupika kwenye ndoa ya tajiri mmoja wa vitambaa, Mhindi wetu wa sokoni, na Maalimu alipewa sahani yake kama wengine. Alikula. Akanyamaza. Kunyamaza kwa Maalimu kulikuwa habari, na mimi nikajua kabla yeye hajajua.

Alinituma nimpelekee posa kupitia dada yangu. Jibu la mpishi lilikuja limenyooka.

“Umwambie Maalimu, mi ni mupishi. Bantu wanakula kwangu juu wanajua sufuria yangu iko safi. Siku watasikia imbwa iko kwangu, nani ataniita tena ku ndoa? Simukatae yeye. Akuje bila imbwa, nitafungua mulango.”

Lilikuwa jibu la haki, na Maalimu alisema hivyo. Mwanamke yule alijitegemea kwa jina lake tu. Upande wa pili kulikuwa na amana. Mtaani kwetu hapakuwa na mtu wa kuachiwa mbwa, maana mimi nilikuwa naye safarini. Mara moja alijaribu kumwacha kwa muuza maziwa nje kidogo ya mji. Tulikwenda kimya, kikapu kitupu, Maalimu haimbi, hapiti mtu. Tuliposimama kunywa maji juu ya kilima cha pili tukamwona Baravuga anapanda barabara, ulimi nje, kipande cha kamba shingoni. Maalimu alikaa chini katikati ya njia. “Amana imejileta yenyewe,” akasema, na machozi yakamtoka bila aibu. Kavu kwa kavu, alimshika kichwa kwa muda mrefu.

Kwa hiyo tulifika Muyinga na mbwa. Shemeji yangu, mume wa dada, alimpa Maalimu chumba. Maalimu akamshukuru, akaenda kupiga hema kwenye kiwanja kitupu chenye parachichi moja, mkabala kabisa na lango la mpishi. Hakubisha hodi. Alitandika mkeka, akachemsha chai, akamwambia kila aliyepita asalamu alaikumu. Mpaka jioni mtaa mzima ulikuwa umepita, hata wasio na safari.

Wanawake walikwenda kwa mpishi. Dada yangu alikuwemo, ndiyo maana nayajua.

“Mugeni wako analala inje, na we utalala mu kitanda?”

“Siye mugeni wangu!”

“Alors, amekuja juu ya nani? Juu ya parachichi?”

Mpishi akafanya alichoweza kufanya bila kuvunja neno lake. Akatuma chakula. Ilikuja pilau kwenye sahani pana ya bati, nyeupe, yenye maua ya bluu pembeni, imefunikwa kwa kawa. Nilipofunua na kusikia harufu yake nilisahau magoti yangu. Maalimu aliiweka juu ya mkeka, akageuka kunawa mikono, na Baravuga akanyoosha shingo, akalamba ukingo. Ukingo tu, penye maua.

Hakuna aliyeona ila mimi, na mimi nilikuwa tayari kuwa kipofu. Maalimu hakuwa. Alikusanya kanzu yake, akavuka njia, akasimama langoni na kusema kwa sauti ya mwalimu, ambayo husikika mbali: “Mama, sahani yako imelambwa. Naomba radhi. Nitaiosha mara saba, moja kwa udongo, nikurudishie.”

Kutoka ndani sauti ya mpishi ikamjibu: “We ndo utaosha?”

“Mimi mwenyewe.”

“Mwanaume kuosha sahani, mi siamini. Baki nayo.”

Aliiosha pale pale barabarani, mbele ya watu, anahesabu kwa sauti, na kopo lake la udongo mkononi. Kisha akaianika juani mpaka ikakauka, akaenda nayo langoni. Lango halikufunguka. Sahani ikaenda Gitega, ikatundikwa ukutani chumbani kwake.

Siku iliyofuata ilikuja sahani nyingine. Na mwaka uliofuata nyingine. Maua mekundu, maua ya zambarau, bakuli lenye jogoo. Kila mara kulitokea jambo: mbwa alinusa na pua yake ina maji, mbwa alipiga chafya, mbwa alipita na mkia. Kila mara Maalimu alikwenda langoni kukiri, na sauti ya ndani ikajibu, “Siamini. Baki nayo.” Ukuta wake wa Gitega ukajaa. Watu walitania kwamba Maalimu ameanza kuhamisha jikoni, bibi harusi atafuata. Hakuzilia hata siku moja. Alikula kwenye kisahani chake kilichobonyea na kuzitazama.

Nilimuuliza kama amemfundisha mbwa. Alikasirika kweli. “Mimi ni mwalimu wa dini. Siwezi kumfundisha kiumbe kuharibu chombo cha mtu.” Akapiga pedeli kidogo, kisha akaongeza, “Ila riziki yake nayo siwezi kumzuilia.”

Mimi nilimhurumia. Niliona ni mtu anayegonga ukuta. Siku moja nilimwambia dada yangu kwamba mwanamke yule ana moyo wa jiwe, na dada yangu aliniangalia kama alivyoniangalia utotoni nilipovaa viatu kinyume.

“We kaka, kushona unajua, mais kichwa yako iko ngumu. Hapa Muyinga majani ya migomba imekwisha?”

Sikuelewa. Akanieleza taratibu. Mtu akitaka kumpa chakula mgeni mwenye mbwa, bila kupoteza chombo, anakata jani la mgomba, anapakulia humo, kazi imekwisha. Kila mtu Burundi anafanya hivyo. Na yule alikuwa na migomba uani kwake. Lakini kila mara alitoa sahani, tena sahani za maua, za kabatini, na kila mara alijua haitarudi. Nilikaa chini kwenye kizingiti cha dada. Kumbe ule haukuwa ukuta. Yalikuwa mazungumzo, na mimi peke yangu ndiye niliyekuwa kiziwi.

Baravuga alikufa Gitega, mwanzoni mwa kiangazi, kwa uzee tu, chini ya meza yangu. Nilikuwa napinda kanzu. Niliona sikio lile lililokuwa linasimama limelala. Mimi niliyesema mbwa wakae kwao, nilizima cherehani nikashindwa kuvuka barabara kwenda kumwita Maalimu. Nilisimama mlangoni tu mpaka akaniona. Alimzika nje ya mtaa, kwenye mikaratusi. Watoto wa chuo walimfuata kwa mbali, ingawa walikatazwa. Mzee mmoja wa msikiti naye alikuja, akasema amepita njia.

Maalimu hakutaka kusafiri. Mimi ndiye niliyekwenda kuiegemeza baiskeli yake ukutani kwangu, nikaanza kufunga hema, nikilifunga vibaya makusudi mpaka akashindwa kuvumilia na kuja kulifunga mwenyewe. Kisha akaingia ndani, akatoka na sahani zote. Nilizifunga kwa vipande vya kitambaa moja moja, tukazipanga kwenye kikapu cha mbele, mahali pa Baravuga. Zililia njia nzima. Kushuka Ruvubu moja ilichomoka ikajigonga kwenye jiwe, ikabanduka rangi pembeni, penye ua la bluu. Ilikuwa ile ya kwanza. Maalimu aliipangusa kwa ncha ya kilemba chake. Vyura walikuwa wanaimba kwa wingi, naye hata hakuwasikia.

Muyinga hakupiga hema. Alisimama mbele ya lango na baiskeli yake. Na lango, lile lililosubiri aje bila mbwa, likafunguka kabla hajabisha. Mpishi alitoka, mikono ina unga, akatazama kikapuni, akaona sahani.

“Imbwa iko wapi?”

Maalimu aliinama, akaanza kufungua kamba ya kikapu. Mimi nikasema, “Amekufa, mama.”

Alikaa kizingitini pale pale, akajifunika uso kwa mikono yake yenye unga, akalia kwa sauti, na wanawake wa mtaa wakatoka mbio wakidhani kuna msiba. Alipoweza kusema alinyoosha kidole nyuma ya nyumba. “Na mi nilikuwa nimeishajenga!” Tulikwenda kuona. Mbali na jiko, upande wa pili wa ua, kulikuwa na kijumba cha matofali, kipya, kimeezekwa vigae, na mlango mfupi. Mlango mfupi kama wa hema letu. Maalimu alipiga magoti mbele yake, akaingiza mkono, akakuta ndani kumetandikwa jani kavu la mgomba.

“Sahani hizi umeziosha?” mpishi akamuuliza, bado anafuta macho.

“Mara saba. Moja kwa udongo.”

Akazipokea zote, nzito zile, akaziingiza ndani. “Basi nawe ingia.”

“Siwezi,” akasema Maalimu. “Hatujaoana.”

Miaka yote ile ya lango, na wala asingeweza kulipita! Nadhani wote wawili walikuwa wanalijua hilo tangu mwanzo. Mtaa ulicheka mpaka ukakohoa. Akalala kwenye hema chini ya parachichi kama kawaida, na Ijumaa wakaozwa. Pilau ya harusi alipika bibi harusi mwenyewe, kwa sababu hakumwamini mtu mwingine.

Maalimu akahamia Muyinga. Ikaja miaka ambayo barabara zilifungwa na watu hawakusafiri, na miaka hiyo siielezi hapa. Magoti yangu nayo yakamaliza kazi yao. Nilipofika tena Muyinga nilikwenda kwa gari, mzee, kumwona dada yangu, na nikatembea polepole mpaka kwenye lile lango. Lilikuwa wazi. Uani kulikuwa na baiskeli nyeusi imefungwa mzigo: hema langu likiwa na viraka visivyo vyangu, sufuria, birika, kopo la udongo. Maalimu alikuwa anavuta kamba na kunung'unika, ndevu zote nyeupe.

“Umechelewa,” akaniambia, kama vile tulikuwa tumeagana jana. “Tunakwenda Buhinyuza.”

“Nani na nani?”

Mpishi akatoka jikoni, amenenepa, anachechemea kidogo, akaja kunikumbatia. “Shemeji! Ni weye ulishona ile mulango fupi? Mi nikiingia, kutoka inakuwa shida!” Halafu akageuka akaita, “Baramenyereye!” Kitoto cha mbwa cheusi, chenye soksi nyeupe, kikatoka kwenye kijumba cha vigae na kuja mbio. Jina alilitoa yeye. Maana yake “wamezoea”. Maalimu alisema hakutaka mbwa mwingine, kwamba ni mke wake aliyemwomba yule mzee wa Buhinyuza, au mwanawe, maana mzee hayupo tena. “Mimi nimemkatalia,” akasema, huku akimpandisha yule mdogo kikapuni na kumpanga sikio.

Walinikalisha mkekani. Mpishi alileta pilau. Harufu ilikuwa ile ile. Ilikuwa kwenye sahani pana ya bati, nyeupe, maua ya bluu, na pembeni rangi imebanduka penye ua moja, pale ilipojigonga kwenye jiwe la Ruvubu. Niliitazama sahani. Nikamtazama mbwa kikapuni, anajilamba mdomo. Maalimu aliacha kuvuta kamba.

“Kula, shemeji,” akasema mpishi wa karamu zote za Muyinga. “Nimeiosha mara saba.”

“Moja kwa udongo,” akaongeza Maalimu.

Nikasema bismillahi, nikala mpaka maua yote yakaonekana.